Mhariri, filta ya pikipiki haipulizwi kila wiki, na kuibadilisha nyumbani inawezekana

Ndugu Mhariri,

Salam. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa vyombo vya moto ndo huwa naanza nao kabla hata ya habari za siasa, ila safari hii nimesoma makala yenu ya matunzo ya pikipiki kubwa za safari nikashindwa kukaa kimya, mana wapo watakaoifuata kama ilivyo na injini zao zitaumia. Mwandishi kasema filta ya hewa itolewe kila wiki ipulizwe na kompresa, kasema ukiona moshi mweusi ndo ujue imechoka, alafu mwisho kasema mwenye pikipiki asithubutu kufungua mwenyewe nyumbani, ampelekee fundi. Hapo pote sikubaliani nae, na nitaeleza kwa nini, naomba mnivumilie mana barua ni ndefu.

Naanza na yaliyonikuta. Pikipiki yangu ni ya safari, ina tangi kubwa, maboksi ya mizigo pande zote mbili na la nyuma, plastiki zimefunika karibu kila kitu. Niliipeleka kwenye karakana moja kwa sevisi kubwa, nikalipia na filta mpya, nikaondoka nimeridhika. Baada ya kama kilomita 9,000 nikaanza kuona oili inapungua, kila nikicheki kioo cha oili iko chini na hakuna inapovuja, nikawa naongeza tu naenda, mpaka siku nimepakia mizigo na mke wangu nyuma napanda mlima nikahisi kabisa pikipiki haina nguvu niliyoizoea. Nilipofika nyumbani nikafungua boksi la filta kwa mara ya kwanza tangu niinunue. Filta kweli ilikuwa mpya, sikuibiwa filta. Ila upande mmoja ule ukingo wake wa mpira ulikuwa umekunjwa ndani, mfuniko umefungwa juu yake hivyohivyo, pamebaki uwazi mdogo ambao hata ukucha ungepita kwa shida. Nikapitisha kidole upande wa pili, ule unaotakiwa kuwa msafi, ule unaoelekea kwenye injini, kikatoka na vumbi laini kama unga. Kilomita 9,000 injini ilikuwa inavuta hewa kwenye kile kijiuwazi, mana hewa inapita palipo rahisi, haiwezi kuhangaika na karatasi wakati pembeni kuna njia. Ringi, zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande ikaungua, zilikuwa zimelika na silinda imekwaruzwa, na injini ikabidi ifunguliwe yote.

Sisemi hivi kuwachafulia mafundi jina, nawaheshimu na kazi nyingi siwezi kuzifanya bila wao. Nachosema ni kwamba fundi ana pikipiki nyingine inamsubiri na mteja amesimama mlangoni, na kazi hii kinachoihitaji zaidi ni mtu mwenye muda wa kupitisha kidole ukingoni kuzunguka pande zote nne kabla hajafunga, na huyo mtu mara nyingi ni mwenye pikipiki, jioni, nyumbani kwake, hana haraka.

Kwanza watu waelewe injini inavuta hewa kiasi gani mana hapo ndo wengi hatuna picha. Petroli ili iungue vizuri inataka hewa yenye uzito wa karibu mara 14.7 ya uzito wa petroli yenyewe, lita moja ya petroli ina uzito wa kama gramu 740, kwa hiyo inataka hewa karibu kilo 11, na hewa ya kilo 11 ukiipima kwa ujazo ni kama lita 9,000. Lita elfu tisa za hewa kwa lita moja ya mafuta! Tangi la lita 20 likiisha injini imeshavuta lita 180,000, yani mapipa 900 ya lita 200. Na yote hiyo imepita kwenye kile kikaratasi kilichokunjwakunjwa. Kimekunjwa hivyo ili eneo liwe kubwa, ukikikunjua kinakuwa kirefu kuliko unavyodhani.

Sasa vumbi la barabarani sehemu kubwa ni mchanga uliosagika, na mchanga ni mgumu, unakwaruza hata kisu cha chuma. Punje kubwa siyo zenye shida zaidi, zinakwama mapema. Shida ni zile ndogo kuliko unene wa unywele mara kumi, zinazoingia kati ya ringi na ukuta wa silinda pale palipo na utando mwembamba wa oili, zinafanya kazi ya msasa masaa yote unayoendesha. Na zikishaingia kwenye oili zinaendelea na safari kwenda kwenye bearingi. Huwezi kuzisikia na wala pikipiki haikupi taa yoyote ya onyo.

Nije kwenye kupuliza. Pikipiki nyingi za siku hizi zina filta ya karatasi iliyolowekwa mafuta maalum toka kiwandani, ukiigusa unaona inateleza kidogo, na hayo mafuta ndo yanashika vumbi. Ukipuliza na kompresa unatoa mafuta, unatanua vitundu vya karatasi, na vumbi lililokuwa limeshikwa unalisukuma liingie ndani zaidi au litokee upande wa pili. Ile ikichakaa inabadilishwa basi, haisafishwi. Kuna filta za karatasi kavu ambazo baadhi ya vitabu vya mtengenezaji vinaruhusu kupuliza, lakini ni kwa upepo mdogo, kutokea upande msafi kwenda upande mchafu, na siyo kila wiki! Sponji ni kitu kingine, inafuliwa kwa maji ya sabuni au dawa yake, inakamuliwa kwa kuminya bila kuisokota, ikauke kabisa, alafu inapakwa mafuta yake na kuminywa tena yaenee. Zile za pamba zenye wavu wa waya kama za K&N nazo zinafuliwa na kupakwa mafuta, na mafuta yakizidi ni shida vilevile yanavutwa kuelekea injini. Kwa hiyo kabla ya yote mtu ajue filta yake ni ya aina gani, na kitabu cha pikipiki kinasema. Na kuosha ya karatasi na petroli, nimewahi kuona kwa macho yangu mtu anafanya, ile inayeyusha gundi inayoshika karatasi na ukingo, ukiacha hatari ya moto.

Kuna jambo lingine ambalo mwandishi angelijua asingesema kila wiki. Filta ambayo imeshaanza kupata vumbi kidogo inachuja vizuri kuliko iliyotoka kwenye boksi leo, mana lile vumbi la kwanza linaziba vitundu vikubwa na lenyewe linakuwa sehemu ya chujio. Mpaka ifike mahali imejaa kupitiliza ndo inakuwa mzigo. Na kila unapofungua boksi unaweza kuangusha uchafu upande msafi. Kwa hiyo fungua kwa sababu, usifungue kwa wasiwasi. Watengenezaji wengi wanasema ibadilishwe kati ya kilomita 12,000 na 24,000 kutegemea na pikipiki, kama unapita sana barabara za vumbi ukate nusu au hata zaidi, na kama mnasafiri kwa msafara wewe uko nyuma unakula vumbi la wenzako basi usingoje hizo kilomita kabisa, ikague mkirudi. Vilevile ukipita kwenye maji mengi, karatasi ikilowa inavimba na pikipiki inakosa pumzi.

Na moshi mweusi. Hilo lilikuwa kweli kwa pikipiki za kabureta, kile kifaa cha zamani kinachochanganya hewa na mafuta bila kompyuta, hewa ikipungua mafuta yanazidi, plagi zinakuwa nyeusi na moshi unatoka. Kwenye injeksheni, yani zile ambazo mafuta yanapulizwa kwa kuongozwa na kompyuta, hiyo kompyuta inapima hewa inayoingia na kupunguza mafuta yalingane nayo, kwa hiyo filta inaweza kuwa imejaa sana na moshi huuoni, mafuta wala hayaishi haraka sana, unachoona ni nguvu kupungua juu kwenye mzunguko mkubwa, unapotaka kulipita lori ukiwa na mzigo, pale ulipozoea kuzungusha mkono kidogo sasa unazungusha mpaka mwisho. Mtu akisubiri moshi kwenye pikipiki ya kisasa atasubiri mpaka injini ife.

Sasa kazi yenyewe, mana nisiishie kupinga tu. Pikipiki hazifanani. Nyingi za Harley-Davidson filta iko nje pembeni kulia mwa injini chini ya kile kifuniko cha duara, unaifikia haraka. Honda Gold Wing ukiona kama ina tangi mbele ya siti ujue siyo tangi, petroli iko chini ya siti tangu toleo la kwanza la 1975, na kwa zile za toleo la GL1800 filta unaikuta chini ya hilo tangi la uongo, ila plastiki za kutoa ni nyingi. Zingine nyingi za safari boksi la filta liko chini ya tangi lenyewe, ndo kama yangu, na hiyo ndo inayowaogopesha watu, mana unatakiwa kuinua au kutoa tangi lenye petroli.

Mimi nafanya hivi. Nasubiri tangi liwe na mafuta kidogo, injini ipoe kabisa, pikipiki iwe kwenye stendi ya kati, maboksi ya mizigo nayatoa ili nisipigane nayo. Niwe mahali penye hewa, hakuna sigara wala jiko karibu, na natoa waya wa betri wa hasi. Siti inatoka, alafu plastiki za pembeni. Hapa ndo watu wanavunja vitu: zile plastiki mara nyingi zina skrubu mbili tatu na vijipini vinavyoingia kwenye raba, wanazivuta kwa hasira pini zinakatika. Vuta moja kwa moja kutoka kwa raba, usikunje, na wakati wa kurudisha paka maji ya sabuni kidogo kwenye raba itaingia yenyewe. Skrubu za plastiki hazilingani urefu hata kama vichwa vinafanana, na ndefu ukiiweka pa fupi inaweza kwenda kutoboa kitu. Binti yangu ndo msaidizi wangu, anachora umbo la pikipiki kwenye kipande cha boksi, kila skrubu ninayompa anaichomeka pale pale ilipotoka kwenye mchoro, na mpaka leo hatujawahi kubaki na skrubu mkononi. Kila hatua piga picha na simu kabla hujachomoa waya au mpira.

Mpira wa mafuta kwenye injeksheni una presha, kwa nyingi ni kama baa 3, kwa hiyo funika kiungo na kitambaa ndo uchomoe taratibu, na kinga macho. Kuna na ile mipira miwili myembamba ya tangi, ya kupumulia na ya kutolea maji yanayoingia kwenye mfuniko, iwekee alama. Narudia hii mana watu wanaidharau: ukirudisha tangi ule wa kupumulia ukakunjika, baada ya muda tangi linakosa hewa, mafuta hayaji na pikipiki inazima barabarani, na utatafuta ugonjwa kwenye injini wakati ni mpira tu umebanwa.

Kabla hujafungua mfuniko wa boksi la filta futa eneo lote la juu kwa kitambaa chenye unyevu, pale chini ya tangi huwa pana mchanga wa miaka. Ukifungua bila kufuta unaumwaga wote mahali ambapo umetumia jioni nzima kuulinda. Fungua skrubu, inua mfuniko, na kabla ya kutoa filta ya zamani iangalie imekaaje, upande upi uko juu, kuna mshale au neno. Itoe polepole ikiwa imelala ilivyo, usiitikise. Hapo chini utaona midomo ya throto, yani ile milango inayofunguka ukizungusha mkono wa kulia, na chochote kikidondoka humo ni balaa, nati moja tu ikiingia ikafika kwenye valvu umekwisha. Mimi nafunika na kitambaa kikubwa safi chenye rangi kali ambacho siwezi kukisahau, siyo vipande vidogo vidogo. Na ikitokea kitu kimedondoka USIWASHE, hata kidogo tu kusikilizia, kitafutwe mpaka kipatikane. Sumaku inasaidia kwa chuma ila skrubu ya aluminiamu au kipande cha plastiki haikishiki.

Alafu soma hilo boksi, mana linakueleza mengi. Pitisha kidole au kitambaa cheupe upande msafi. Kikitoka safi, shukuru. Kikitoka na vumbi, filta ilikaa vibaya au boksi lina ufa au mpira wa kuunganisha na throto umepasuka, na kuweka filta mpya bila kutafuta pameingilia wapi ni kazi bure. Ukikuta oili nyingi imelowesha filta, mara nyingi oili ya injini ilijazwa kupita kiasi, mana mvuke wa injini unarudishwa kwenye hilo boksi. Chini ya boksi kuna kijimpira chenye kizibo cha kukusanya maji na oili, kitoe, mwaga, rudisha, mafundi wengi hawakigusi. Na angalia mdomo wa kuvutia hewa, kwa pikipiki iliyokaa muda mrefu panya anapapenda sana, nimeshakuta majani na manyoya yamejaa humo.

Filta mpya ikae. Hapo ndo kazi yote ilipo, kule kote kulikuwa ni kufungua mlango tu. Ukingo wake uingie kwenye mfereji wake pande zote, zungusha kidole mara mbili, tumia tochi, hakuna mahali palipoinuka wala kukunjika. Usipake silikoni eti izibe vizuri, mvuke wake unaua sensa ya oksijeni kwenye egzosi, na filta iliyo sahihi haihitaji gundi. Kama inakataa kukaa hakikisha ni ya pikipiki yako kweli, zipo zinazokaribiana kabisa zikapishana milimita mbili. Mfuniko usifungwe kwa kulazimisha, kama unahitaji nguvu kuubana ujue chini kuna kitu hakijakaa. Mifuniko mingi skrubu zinaingia kwenye plastiki, kwa hiyo kila moja izungushe kwanza kinyume taratibu mpaka uhisi imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndo ukaze kwa mkono, na kaza kwa kupishana, hii na ile ya upande wa pili, ukingo ubanwe sawasawa. Kukaza sana haiongezi kitu, unaua plastiki, na siku nyingine skrubu haitashika tena, ndo uwazi unapoanzia. Kitambaa cha rangi kali kiwe mkononi mwako kabla ya kufunga, kione kwa macho.

Kurudisha vilivyobaki ni kufuata picha kurudi nyuma. Ukiwasha swichi utasikia pampu ya mafuta inanguruma kidogo, simama, nusa, angalia kama kuna unyevu kwenye kiungo. Ikiwa kavu washa, iache ipate moto, alafu geuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho injini ikiwa inawaka. Mlio ukipanda au kushuka ujue kuna waya au kebo imebanwa na tangi, na hiyo irekebishwe kabla hujatoka nje ya geti, mana mkono wa mafuta ukinasa kwenye kona ni hatari.

Mara ya kwanza ilinichukua karibu masaa manne, sasa hivi saa moja na nusu na hapo nusu yake natumia kukagua tu. Vifaa ni spana za alen, bisibisi, soketi chache na tochi. Asiyejiamini na petroli ampe fundi, hakuna aibu, ila asimame hapo aombe aoneshwe ule upande msafi kabla ya kufunga, na fundi mzuri hatachukia. Mimi filta mpya naiandikia ukingoni tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito, atakayefungua baada yangu asome.

Ninachoomba, Mhariri, ni mchapishe masahihisho ya ile makala, hata mistari miwili inatosha, hasa pale pa kompresa. Wapo waliosoma Jumamosi ile na Jumamosi hii wanaitoa filta wakaipulize.

Wenu,
Msomaji, mwendesha pikipiki